Nafasi ya Lugha Ambayo Mama Godelive Aliiacha Wazi

Mama Godelive Katungu anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika hospitali yetu hapa Bunia, ishirini na mitatu kati yake akiwa mkuu wa ofisi ya facture, yaani hati za malipo. Wengi wenu mnamjua kwa sauti kuliko kwa sura, maana dirisha lake ni dogo na kioo chake kimekwaruzwa tangu vita vya zamani. Sasa mtamwona mwili mzima, siku ya Ijumaa, ukumbini.

Uongozi uliniomba niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida letu. Nimejaribu. Mimi ni Théodore, msaidizi wake. Nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa, meza zetu zinagusana, na mtu akikaa na Mama Godelive muda wote huo huanza kuona aibu kuandika asichokiamini. Kwa hiyo ukurasa umerefuka, na furaha yenyewe imechoka kidogo. Yeye naye amechoka, hakuna haja ya kufichana. Mkurugenzi alimpa nafasi ya kuongeza miaka miwili, akaikataa kabla mkurugenzi hajamaliza kuongea.

Alizaliwa Butembo. Alikuja Bunia akiwa bibi harusi, mume wake Paluku akiuza chumvi na sabuni sokoni, kazi ambayo Papa Paluku anaifanya mpaka leo na ambayo imemfanya awe mtu pekee mjini anayejua bei ya sabuni kabla haijapanda. Mama Godelive aliajiriwa hapa kwenye mapokezi, akahamia ofisi ya facture kwa sababu alikuwa na mwandiko unaosomeka, jambo ambalo katika hospitali ni karibu na muujiza. Wakati ule facture zilipigwa kwa mashine ya taipu yenye herufi moja iliyovunjika, ambayo ilijazwa kwa mkono, na karatasi ya kaboni iliyotumika mpaka inatoboka.

Vita vilipofika mjini, hospitali ilifungwa na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba muhuri wa ofisi, ameuficha kifuani, akatembea nao mpaka msituni walikojificha na akarudi nao. Tulipofungua tena, muhuri ule ndio pekee uliobaki katika mali ya ofisi. Ukimuuliza kwa nini hakubeba kitu cha maana zaidi, anakuangalia kama mtu aliyeuliza swali la kitoto.

Miwani yake imefungwa kwa mpira wa serum, ule wa dripu, na ameikataa kamba mpya mara zote tulizomnunulia. Hajawahi kumwita mgonjwa kwa namba. Daktari akiandika vibaya, harudishi karatasi kwa mhudumu. Anapanda mwenyewe hadi chumba cha wagonjwa, anasimama nyuma ya daktari bila kusema neno, mpaka daktari anaona haya na kuandika upya. Madaktari wapya humwogopa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wanamletea matatizo ya nyumbani kwao.

Kwa wale wasioijua kazi yetu, niieleze kwa ufupi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichomchosha. Kila huduma ya hospitali ina code yake, yaani namba inayosimama badala ya jina la huduma. Kupima damu ina yake, kufunga mfupa ina yake. Waliokimbia vita, ambao leo ni wagonjwa wetu wengi, hawalipi wao. Unalipa mfuko mmoja wa mashirika ya misaada, na mfuko hauoni mgonjwa, unaona code. Code ikikubaliwa, mgonjwa ana kitanda, ana usafiri, ana mtu wa kumhudumia. Code ikikataliwa, faili linafungwa na mgonjwa anarudi kambini. Ni hivyo tu. Sisi wa dirishani hatumtibu mtu, lakini tunaweza kumtoa kitandani kwa namba moja.

Halafu Viviane akarudi kutoka masomoni Kinshasa. Viviane ndiye mtaalamu wetu wa kwanza, na mpaka leo wa pekee, wa kusaidia watu waliopoteza maneno. Ugonjwa wenyewe unaitwa afazia. Mtu amepigwa na kiharusi, au ameumia kichwa kwa risasi au panga au ajali ya pikipiki, na ubongo wake umeumia pale maneno yanapokaa. Si kichaa. Anakujua, anajua anachotaka kusema, lakini neno halitoki, au linatoka jingine. Viviane humfanyia kwanza bilan, yaani kumpima: anamwonyesha picha, anamwomba ataje, arudie, aonyeshe, ahesabu. Bilan ikionyesha kuna maneno ya kufanyia kazi, mazoezi yanaanza. Ikionyesha hakuna, faili linafungwa.

Huduma hiyo haikuwa na code. Mama Godelive aliandikia mfuko barua baada ya barua mpaka ikapatikana moja ya bilan na moja ya mazoezi, na ya mazoezi haikubaliwi mpaka ya bilan itangulie. Siku majibu yalipokuja alitununulia mandazi. Hilo nalo liandikwe katika mafanikio yake, maana Mama Godelive hanunui mandazi ovyo.

Picha za Viviane zilitoka Ulaya. Mchana mmoja alituomba sisi wafanyakazi tuzijaribu kwanza. Tulifeli karibu wote. Kulikuwa na mtu wa theluji, ambaye muuguzi mkuu alimwita muzungu wa unga na mpishi akasema ni mukate yenye haijaiva. Kulikuwa na chombo cha muziki kinachokunjwa, ambacho dereva aliapa ni radiator ya gari. Mama Godelive alitazama mboga moja nyembamba ya kijani, akaivua miwani, akaifuta, akasema ile ni sindano ya kushonea magunia. Kwa vipimo vya wale waliotengeneza picha, hospitali nzima ilikuwa na afazia kali. Viviane alicheka mpaka machozi, kisha akakaa chini akachora zake: jembe, kuku, chungu, jagi la maji, mhogo. Tunazitumia hadi leo.

Naandika hayo ili mjue kulikuwa na kicheko. Kinachofuata hakina.

Mwezi wa pili mwaka huu Viviane aliletewa mzee mmoja mkulima, Papa Ephraïm, kutoka Djugu. Kijiji chake sikitaji, na kwa nini sikitaji mtaelewa. Binti yake, Abigaël, anaishi hapa mjini, mtaa wa Mbunya, na ameniruhusu niyaandike haya. Kijiji kiliposhambuliwa, Papa Ephraïm alikimbia na mke wake, Mama Denise, ambaye alikuwa mgonjwa wa miguu. Baada ya siku nyingi, lori la mbao lililotoka upande wa Mongbwalu lilimshusha mzee peke yake mlangoni kwetu. Kiharusi kilimpata akiwa juu ya mbao. Dereva alijua tu kwamba alimpakia njiani, akiwa amesimama pembeni na mkoba mtupu, na kwamba alikuwa akitafuta dawa.

Mama Denise alikuwa wapi, hakuna aliyejua ila Papa Ephraïm. Na Papa Ephraïm hakuwa na neno.

Abigaël alipiga simu Mongbwalu kwa kila mtu anayemjua na asiyemjua. Ile barabara ina vijiji na kambi za wachimba dhahabu ambazo hata wenyewe hawazihesabu, watu wanahama kila siku, na mama mgonjwa wa miguu anaweza kuwa ameachwa katika nyumba yoyote. Kila asubuhi binti alikaa kitandani kwa baba yake akamuuliza mama yuko wapi. Mzee alifungua mdomo, akatikisa mkono, akaanza kulia. Tulikuwa tunamwona tukipita, na ilikuwa vigumu kupita.

Viviane alifanya bilan kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya fomu aliyosomea. Hakuna. Akaongeza maswali kwa Kiswahili. Hakuna. Akaandika alichoona, na mfuko ukalipa bilan na kufunga faili: afazia kali, mazoezi hayana faida. Kwa haki ya karatasi, mambo yalikuwa yameisha.

Lakini Abigaël alikuja mbio akasema baba yake alikuwa anaomba. Kwa sauti ya chini, usingizini, kwa lugha ya kwao, sala nzima tangu mwanzo hadi amina. Viviane akarudi na picha zake, akamkalisha binti awe mkalimani, akafanya bilan ya pili kwa lugha hiyo. Papa Ephraïm alitaja jembe. Alitaja kuku. Alipoonyeshwa jagi la maji alisema Denise, akasema maji, akanyoosha kidole mlangoni, akakwama. Wote watatu walikuwa wanalia, Viviane aliniambia, na mtaalamu hatakiwi kulia wakati wa bilan.

Kwa hiyo maneno yalikuwepo. Yalihitaji mazoezi, na binti pembeni, na kitanda karibu. Mama Godelive akaandika bilan ya pili, akaituma siku ileile.

Ilirudi imekataliwa. Mgonjwa mmoja, code moja, mara mbili ndani ya mwezi mmoja: kwao huo ni udanganyifu wa kulipisha huduma mara mbili, wanauita doublon. Aliandika akieleza kwamba bilan ya Kifaransa na bilan ya lugha ya kwao si kitu kimoja, kwamba mtu anaweza kupoteza lugha aliyojifunza ukubwani akabaki na aliyonyonya nayo. Walijibu kwa adabu. Walielewa, walisema. Wangekubali bilan ya pili mara moja, kwa sharti moja dogo: kwenye facture kuna nafasi ya lugha ya mgonjwa, na Mama Godelive haijazi. Aijaze.

Ni kweli. Nafasi ile ilikuwepo tangu fomu zilipoletwa, na tangu zilipoletwa aliiacha wazi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wasomaji wa hapa Ituri sihitaji kuwaeleza. Kwa mwenzetu atakayelisoma jarida hili akiwa mbali: lugha ya mtu hapa kwetu inaonyesha ni wa watu gani, na kuna siku hilo tu linatosha kumwua. Facture zetu zinabeba jina, umri, kambi anakotoka mgonjwa na namba ya kitanda. Zinapelekwa ofisi ya mfuko na mjumbe wetu wa pikipiki. Mwaka juzi mjumbe huyo alisimamishwa na watu wenye silaha kwenye kizuizi, wakafungua begi lake, wakasoma karatasi moja moja kwa sauti. Walizichoka, wakazimwaga barabarani na kumwachia. Aliporudi nazo, Mama Godelive alizipokea zikiwa na matope, akazikausha kwenye meza yetu, akaniambia niangalie. Jina, kambi, kitanda. Palipobaki wazi ni pale pa lugha.

Kwa hiyo alikataa kujaza. Na hapo ndipo ninyi wengi mlipomkasirikia, msijifanye mmesahau. Mhasibu alimkasirikia. Mkurugenzi alimwita mara kadhaa. Watu wa korido walimpa jina la Madame Doublon. Viviane, ambaye anampenda kama mama yake, alikaa wiki nzima bila kumsalimia. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba mzee mmoja asiye na maneno hana adui wa kumtafuta, na kwamba anashikilia kanuni wakati mtu anazama. Aliendelea kugonga muhuri.

Aliyekuja kuomba zaidi ya wote ni Abigaël. Alisimama dirishani, foleni nyuma yake.

“Mama Gode, andika tu. Siye batu banatujua tayari. Baba iko na maneno ndani. Mama yangu iko fasi fulani, anamungojea.”

Mama Godelive alisogeza uso karibu na kioo.

“Weye banakujua, mutoto wangu. Lakini nikiandika ya baba yako, kesho watasema niandike ya bote. Na mi sijui nani atasoma.”

Abigaël aliondoka bila kuaga. Mama Godelive alifunga dirisha saa ya kazi, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baadaye, akakaa ameshika kichwa. Nilimpa chai. Ilipoa pale pale.

Faili likabaki limefungwa. Papa Ephraïm akapoteza kitanda, akapelekwa kambini nje ya mji. Viviane alimfuata huko mchana wake wa mapumziko, mara mbili, kisha barabara ikaanza kupigwa risasi na tukazuiwa kutoka. Mama Godelive aliendelea kuandika. Alipendekeza mfuko ukubali bilan ya pili bila kutaja lugha. Walikataa. Alipendekeza Viviane aape mbele ya mkurugenzi kwamba lugha zilikuwa mbili. Walisema kiapo hakina code. Mvua zikaisha, zikaanza tena. Alikonda, mume wake akaja kuniuliza kama kuna deni la kazini analofichwa.

Mwezi wa nane mfuko ulimtuma mkaguzi kutoka ofisi kuu, Monsieur Fabien, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kuliko yote tuliyoyaona mwaka ule. Alikuja na karatasi zote za mashtaka dhidi yetu, ya doublon ikiwa juu. Alikaa na sisi siku mbili akikagua, akisema kwa upole kilekile kilichosemwa kwenye barua. Siku ya tatu aliamka na homa. Malaria ya hapa haina heshima kwa mkaguzi. Akaambiwa akapimwe, na kwa kuwa watumishi wa mfuko hutibiwa kwa fomu zilezile za mfuko, alisimama kwenye foleni kama watu wengine, akafika dirishani akitetemeka.

Nataka niseme hili kama nilivyoliona, kwa sababu limeshaanza kusimuliwa vibaya kwenye korido, eti Mama Godelive alimtegea. Hakumtegea. Alimwona mtu mgonjwa, akataka amalize haraka. Jenereta ilikuwa inanguruma nje na kila kitu kinasemwa kwa kelele pale. Aliuliza jina. Aliuliza umri, anakofikia. Kalamu ikafika kwenye ile nafasi, na mkaguzi mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, ambaye kwa siku mbili amesema ni lazima ijazwe.

“Na luga ya kwenu, Monsieur Fabien?”

Foleni yote ilisikia. Nyuma yake walikuwepo akina mama na watoto, waendesha pikipiki wawili waliofungwa bandeji, na wanaume wanne tusiowajua waliokuwa wamemleta mwenzao. Monsieur Fabien alifungua mdomo. Akageuka akawatazama. Wakamtazama.

“Andika Kifaransa,” alisema.

“Ile njo ya masomo. Nauliza ya nyumbani.”

Alishika ukingo wa dirisha. Alisema kwa sauti ambayo mimi niliisikia tu kwa sababu meza yangu iko pale.

“Mama, hapa siwezi kusema.”

Mama Godelive hakutabasamu. Alimhurumia, niliona usoni, kama ambavyo angemhurumia mgonjwa yeyote. Aliandika neno moja, nyumbani, akageuza karatasi ili alione, akagonga muhuri, akamwonyesha mlango wa maabara. Foleni ikasogea.

Mwezi uliofuata ulikuja waraka wenye sahihi ya Monsieur Fabien. Kuanzia sasa bilan ya afazia inaweza kulipwa mara mbili kwa mgonjwa mmoja, ikiwa imefanywa kwa lugha mbili, na kwenye nafasi ya lugha kutaandikwa moja kati ya maneno matatu: ya shule, ya soko, ya nyumbani. Majina ya lugha hayatatajwa. Mazoezi ya bilan ya pili yatalipwa bila pingamizi. Huo waraka ndio mafanikio makubwa ya miaka thelathini na moja ya Mama Godelive, na yeye ndiye mtu pekee ofisini ambaye hakushangilia. Aliusoma, akachukua simu, akampigia Abigaël amlete baba yake.

Papa Ephraïm alirudi, akapewa kitanda kilekile. Viviane na binti walifanya naye kazi kila siku. Kwanza yalikuja majina ya vitu, kisha majina ya watu, kisha njia. Mto. Daraja la miti. Mashimo ya dhahabu. Mwanamke anayepika kwa wachimbaji, Mama Fifi, nyumba ya maturubai ya bluu. Alimwacha Denise pale, hawezi tena kutembea, akaenda kumtafutia dawa. Alimwahidi kurudi kesho yake.

Abigaël alipanda pikipiki asubuhi yake. Barabara ya Mongbwalu mnaijua. Alifika kwa Mama Fifi siku ya pili. Mama Denise alikuwa amekaa pale miezi mingi, Mama Fifi akimlisha kutoka sufuria ya wachimbaji, akingoja mume aliyesema atarudi kesho. Alifariki mwishoni mwa mwezi wa saba. Walimzika vizuri. Mama Fifi alikuwa amemtunzia kitenge chake, kimefuliwa na kukunjwa, akisema mume wake atakuja tu.

Mwezi wa saba. Mkaguzi alikuja wa nane. Hesabu hiyo kila mmoja wetu aliifanya, na Mama Godelive aliifanya kabla yetu.

Abigaël aliporudi alikuja dirishani. Kitenge kilikuwa begani.

“Nilimukuta, Mama Gode. Iko mu udongo, lakini nilimukuta.”

Mama Godelive alitoka nje. Alizunguka kupitia mlango, akapita katikati ya foleni, akamshika binti mikono yote miwili mbele ya watu.

“Kama niliandika ile siku, ungemukuta muzima?”

“Pengine.” Abigaël alikiangalia kitenge. “Mi sijui, mama. Usiniulize tena.”

Hakumuuliza tena. Aliandika barua ya kukataa kuongezewa muda jioni hiyo hiyo. Nilimwambia kwamba alikuwa na haki, na leo naamini alikuwa na haki, kwa sababu wagonjwa wengi wa lugha zote wamepita dirishani pale na hakuna karatasi yetu iliyowahi kumwambia mtu mwenye silaha nani wa kumtafuta. Alisema ndiyo, anajua alikuwa na haki, na kwamba hilo halimsaidii kulala. Nimeamua kuliandika kwa sababu tumezoea kuwasifu wastaafu kana kwamba kazi nzuri haimgharimu mtu mwingine. Hii ilimgharimu Mama Denise, na Mama Godelive anaibeba nyumbani kwake pamoja na miwani yake na mpira wa serum.

Mama Godelive, asante. Asante kwa muhuri uliotembea na wewe msituni, kwa madaktari uliowafundisha kuandika, kwa mandazi, kwa barua zote walizokukatalia. Asante kwa miaka tisa ya kunivumilia. Dirisha sasa ni langu, na sitakuficha kwamba naogopa. Tunakuombea miaka mingi pembeni ya Papa Paluku na sabuni zake, miguu isiyouma, na usingizi, hasa usingizi.

Tangazo la mwisho, la sherehe ya Ijumaa. Tulimuuliza mstaafu anataka tumwalike nani kutoka nje. Alitaja wawili tu, Papa Ephraïm na Abigaël, akasema wasipokuja ataelewa. Abigaël amejibu jana: watakuja wote wawili. Baba yake amejiandaa kumwambia Mama Godelive jambo na amekuwa akilifanyia mazoezi na Viviane wiki nzima. Viviane anakataa kutuambia ni nini. Mzee atalisema mwenyewe, kwa maneno aliyonayo. Litachukua muda, na wengi wetu hatutaelewa. Naomba kitu kimoja kwa wote mtakaokuwa ukumbini: mngojeni amalize, na mtu yeyote asimgeukie jirani yake kuuliza ile ni lugha gani.